Nyumba Iliyohama Bila Kuaga

Kadidja Musafiri alipiga chafya kabla mteja hajaketi.

Haikuwa chafya ya mafua. Mafua huja na hodi: pua inawasha, macho yanalegea, mtu anatafuta kitambaa. Hii ilitoka bila taarifa, ikafuatwa na mwenzake, na ya tatu ikatikisa glasi ya chai ya tangawizi mezani. Kadidja alijifuta akamtazama mgeni kwa makini. Katika miaka yake yote ya upelelezi polisini, na hii ya kustaafu katika kachumba nyuma ya duka la fundi cherehani, huko Birere mjini Goma, alikuwa amekutana na kitu kimoja tu chenye kumpa chafya za namna hiyo, nacho ni vumbi la mbao za sipresi.

"Kaa, papa. Unaitwa nani?"

"Edmond. Ninauza viazi, ninakaa Ndosho." Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake lilikuwa limevaliwa kwa haraka. "Nilikuja juu ya nyumba yangu, mama Kadidja. Baliiba."

"Baliiba nini ndani ya nyumba?"

"Ndani habakuiba kitu. Baliiba nyumba."

Kadidja aliweka glasi chini.

"Nyumba yote?"

"Na mabati yake. Na mulango, na madirisha. Kulibakia majiwe ya chini tu."

Mtu wa mbali angecheka hapo. Mtu wa Goma hacheki, maana anajua mji wake umekaa juu ya mawe yaliyomwagwa na volkano, kuchimba msingi ni kutafuta ugomvi, na ndiyo sababu watu wengi hujenga kwa mbao. Nyumba ya mbao ina miguu. Aliyepanga kiwanja kitupu, siku akihama, anang'oa misumari, anapakia kuta kwenye chukudu, zile baiskeli za mti zinazosukumwa, na jioni anakunywa chai ndani ya nyumba ile ile mtaa mwingine. Kwa hiyo nyumba kuhama si ajabu. Ajabu ni kuhama wakati mwenyewe hayupo.

"Ilikuwa mbao gani?"

"Sipre, mama. Sipre ya Masisi." Edmond alikamata ukingo wa meza. "Na si yangu, ni ya bibi yangu Valérie. Baba yake alipanda miti siku Valérie alizaliwa, akaikata siku nilimuoa, mbao zote zilitokea pale. Valérie akinionyesha kwa batu anasema: huyu ni Edmond, mupangaji wangu. Sasa amezaa, iko Kibumba kwa mama yake, na kesho anashuka na mutoto. Atashukia wapi?"

"Na wewe ulikuwa wapi nyumba ikibebwa?"

"Matanga. Kule Sake."

Alijibu upesi mno. Kadidja akapiga chafya nyingine.

"Matanga ya nani?"

"Ya... rafiki ya baba."

"Alikuwa seremala?"

"Apana. Juu ya nini?"

"Ninauliza tu," alisema Kadidja, akachukua mkoba wake. Moyoni alikuwa ameshaweka jina la kwanza kwenye orodha ya washukiwa, na jina hilo lilikuwa limesimama mbele yake likifunga vifungo vya koti vibaya.

* * *

Pale Ndosho, kiwanja cha Edmond kilikuwa wazi kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka meno. Mawe meusi ya msingi yalikuwa mahali pake, yamefagiwa. Katikati palikuwa na lundo lililofunikwa turubai, na juu ya turubai mawe manne ya kuzuia upepo. Kadidja alifunua. Kitanda na godoro. Kabati. Redio. Sufuria zimepangwa kubwa chini, ndogo juu. Picha ya harusi ya Edmond na Valérie imelazwa kifudifudi juu ya godoro ili kioo kisivunjike. Juu ya vyote, kufuli la mlango, bado limefungwa.

"Huyu mwizi alilelewa vizuri," alisema Kadidja.

Hakuona alama ya shoka wala kibao kilichopasuka. Aliokota msumari mmoja uliosahaulika kati ya mawe, ulikuwa mnyoofu. Aliyefanya kazi ile alikuwa ametoa misumari kwa koleo, mmoja mmoja, kwa subira ya mtu anayemtoa mtoto mwiba. Hatua chache kutoka hapo ilisimama nyumba nyingine, ndogo kama ile iliyobebwa, nyeusi kama hiyo hiyo.

"Ile ni ya nani?"

"Ya Fiston, kijana anatengeneza matelefone. Ni nyumba yake, lakini kiwanja anapanga. Tulipaka pamoja, mafuta chafu ya gari, pipa moja."

Watu wengi hupaka mbao zao mafuta yaliyotolewa kwenye injini, ili mvua na wadudu wapate shida. Kwa mbali, nyumba iliyopakwa hivyo haisemi imetoka mti gani. Kadidja aliliweka hilo akilini.

Hapo sauti ikapasuka nyuma yao. "Edmond! Bado uko na uso wa kurudia hapa?"

Alikuwa Mama Jeanine, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, wa nyumba ya pili, mikono kiunoni.

"Unahama sawa mwizi! Hata kwa heri hakuna! Tulikukosea nini?"

"Mama Jeanine, sikuhama!"

"Hukuhama? Na mimi njo nilibeba dirisha yako mpaka barabarani!"

Kadidja aliingia kati. "Mama, uliwaona waliobeba?"

"Mbona tuliwaona? Mchana kweupe! Mtaa muzima tulisaidia. Batoto balibeba misumari ndani ya mukebe, mapapa bakabeba mabati, tukaimba na wimbo." Jeanine alipunguza sauti kidogo, kwa fahari. "Ilibebwa vizuri ile nyumba."

"Hamkuuliza anayehama ni nani?"

"Nyumba ya Edmond ikihama, nitauliza anahama nani? Nilimuuliza mukubwa yao wanaenda wapi. Alikuwa na misumari ku kinywa. Akasema 'mmm'. Nikauliza, ni mbali? Akasema 'mmm'. Nikaona ni mutu wa adabu, nikamwacha."

"Na chukudu zilishika njia gani?"

"Ya Sake."

Kadidja aligeuza shingo taratibu akamtazama Edmond. Edmond akatazama viatu vyake.

"Nilingojea siku mbili aje kuomba musamaha," Jeanine aliendelea, "nikachoka. Leo asubuhi nikamupigia Valérie. Nikamuambia, mama, Edmond amehama na nyumba yote, na hata kutuaga hapana. Akanyamaza, nikazani mutandao umekata. Kisha akasema: ninashuka leo."

"Leo!" Edmond aliketi juu ya kitanda chake mwenyewe, katikati ya Ndosho, juani, bila ukuta wala paa, akashika kichwa.

* * *

Kadidja aliketi kando yake. Kitanda kililia.

"Papa Edmond, tuseme ukweli mbele Valérie hajafika. Nyumba ilienda njia ya Sake. Wewe ulikuwa Sake. Na ndani ya mshono wa koti yako kuna vumbi ya sipre, pua yangu imekuwa shahidi tangu asubuhi. Matanga gani hiyo inapiga batu randa?"

Edmond alijikung'uta mshono wa koti. Kisha uongo wake ukaanguka wote mara moja.

"Sanduku, mama."

"Sanduku gani?"

"Ya manguo ya mutoto. Nondo haipendake harufu ya sipre, nguo ukiiweka mule inakaa miaka. Kila kitu ndani ya nyumba yetu ni muti ya baba yake Valérie. Nikasema, mimi pia nitaingiza kitu cha muti. Kule Sake niko na rafiki seremala, nilimuomba nitengeneze kwa mikono yangu. Sikutaka batu bajue." Alionyesha viganja vyake. "Mimi si fundi."

Mpelelezi haamini machozi mpaka ayapime. Kadidja aliomba simu, akapiga namba ya huyo rafiki, akaweka sauti ya nje. Kabla hajasema lolote, upande wa pili ukapaza: "Edmond! Rudi uchukue kitu yako! Kifuniko kimekataa kufunga, uliranda upande moja tu! Na ulitumia ubao wenye mafundo, fundo moja limekauka likaanguka, sasa sanduku iko na dirisha!"

Kadidja alikata simu. Mtu aliyeshindwa kufunga sanduku hawezi kufungua nyumba nzima bila kupasua ubao. Alimfuta Edmond kwenye orodha, na kusema kweli alimfuta kwa furaha.

"Utasema nini kwa Valérie juu ya sanduku, ni shauri yako. Simama, tutafute nyumba."

Alianza upya, safari hii akiwa ameinama. Pembeni mwa msingi, mahali ilipokuwa nguzo ya kona, aliona kitu kama ganda la ndizi kavu. Kilikuwa kipande chembamba cha ubao, kimepunwa kwa kisu: upande mmoja mweusi wa mafuta, wa pili wa manjano yenye wekundu kwa mbali. Alikileta puani. Chafya iliyomtoka iliwafukuza kuku wa Jeanine.

"Sipre," alisema, akijifuta.

Kisha akavuka mpaka nyumba ya Fiston, akaizunguka huku akigusa kona zake kwa vidole. Kwenye kona ya tatu, karibu na chini, palikuwa na alama kama hiyo: mafuta yamepunwa, upana wa kiganja. Ndani yake ubao ulikuwa mwekundu, mzito, nyuzi zake zimejinyonga. Alinusa. Pua ikakaa kimya. Alibonyeza kwa ukucha, ukucha ukateleza. Juu kidogo msumari ulikuwa umepigwa ukakataa kuingia, ukapinda.

"Papa Edmond, ona. Mutu alikuja hapa na kisu. Alipuna ukuta wako, akapuna na huu. Huu ni ekaliptisi, mugumu, hata msumari unapinda. Wako ni sipre: mwepesi, laini, msumari unaingia na kutoka bila kupasua. Alipima zote mbili, akachagua."

"Mwizi anajua mbao!"

"Mwizi? Mwizi angebeba redio." Kadidja alikuwa anahesabu mambo taratibu, kama anayechagua mchele. "Huyu alifunika vitu vyako mvua isinyeshee. Kwa hiyo alijua kuna mutu atakuja kuvichukua. Alifanya kazi mchana mbele ya mtaa. Kwa hiyo alizani ametumwa na mwenye nyumba. Lakini alipuna kuta mbili. Kwa hiyo aliyemutuma hakumuonyesha nyumba, alimuambia tu: kalete ile ya sipre. Sasa hapa nyumba nyeusi ni ngapi?"

"Mbili. Yangu na ya Fiston."

"Kama hakutumwa kwako, alitumwa wapi?"

Edmond aligeuka kuitazama nyumba ya ekaliptisi, na nyumba ile ikamtazama pia. Mbao za ekaliptisi zikipigwa misumari kabla hazijakauka sawasawa hujikunja baadaye, kila moja upande wake, na kuacha nyufa. Katika ufa mmoja palikuwa na jicho.

"Hodi," Kadidja aliliambia jicho.

Jicho likatoweka.

"Umeniona, nimekuona. Toka, kijana yangu, kunaanza kuwa joto."

Mlango ukafunguka polepole. Fiston alitoka, kijana safi mwenye shati la pasi, akionekana hajalala. Alimtazama Edmond mara moja tu, akapiga magoti juu ya mawe.

"Papa Edmond, nisamehe. Si mimi nilitaka. Ni mukwe."

Alieleza yote kwa pumzi moja. Alikuwa anamuoa Bénita, binti ya Muzee Nzabonimpa, mfugaji wa Masisi ambaye sasa anakaa Lac Vert, njia hiyo hiyo ya Sake. Katika mazungumzo ya mahari mzee alimuuliza nyumba yake ni ya mti gani. Fiston alikuwa ameketi mbele ya wazee, jasho linamtoka, na masikioni alikuwa na maneno ambayo Mama Valérie huyasema kila siku ng'ambo ya ua akisifu sipre yake: haivunji mgongo wa mbebaji, mchwa anaiogopa, inanukia miaka. Akasema, sipre. Mzee alifurahi mpaka akatoa kiwanja Lac Vert: ardhi yangu, nyumba yako. Tangu hapo Fiston alikuwa anaahirisha kuhamisha. Mzee alichoka kungoja, akamtuma seremala wake kimyakimya, kama zawadi.

"Nilirudi toka kazi, ninakuta yangu iko, yako haiko. Na telefone inalia, mukwe anasema: imefika, inanukia! Nikose kusema, nimeiba. Niseme, nimekosa bibi. Nikajifungia."

"Arusi ni lini?" aliuliza Kadidja.

"Leo banakula karamu. Kesho banamuleta Bénita."

Edmond alikuwa ameinua mkono kumpiga. Ukakaa hewani, kisha akaushusha akasema kwa unyonge, "Lakini Fiston, mimi njo nilikuazima burashi ya kupaka mafuta." Hilo lilimuumiza kijana kuliko kofi.

* * *

Pikipiki mbili ziliwafikisha Lac Vert. Hawakuhitaji kuuliza. Nyumba ya Valérie ilikuwa imesimama kwenye kiwanja kipya kama iliyozaliwa pale, imezungukwa na masufuria ya nyama, na mbele yake mzee mwenye kofia na fimbo alikuwa anawashika wageni mabega, mmoja baada ya mwingine, akiwasogeza pua kwenye ukuta uliopunwa.

"Nusa! Nusa basi! Unasikia? Mukwe wangu huyo!"

Juu ya paa mtu mwenye misumari mdomoni alikuwa anapigilia bati la mwisho.

"Shuka, baba," Kadidja alimwita. "Na uteme misumari, leo nataka majibu marefu."

Seremala akashuka. Aliitwa Rodrigue, na hakuwa na chembe ya wasiwasi.

"Ni wewe uliing'oa hii nyumba Ndosho?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa na ufunguo?"

"Bénita alinipatia wa Fiston. Haukuingia. Nikasema ni kutu, moshi ya volkano inaharibu makufuli. Nikatoa mulango ku bawaba zake."

"Vitu vya ndani?"

"Muzee alisema biarusi analeta vyake vipya, vya zamani bwana arusi atakuja kuchukua mwenyewe. Nikafunika juu ya mvua."

"Na picha ya arusi ukutani? Ya watu wengine?"

Rodrigue alifikiri. "Niliiona. Nikasema labda ni kaka yake. Mama, mimi nilitumwa sipre. Pale kulikuwa nyumba mbili, moja sipre, moja ekaliptisi. Sikuuliza mutu. Seremala anaulizaje muti ni muti gani?"

"Ungeuliza nyumba ni ya nani."

Rodrigue alitafuta msumari mfukoni, akaurudisha mdomoni. 

Muzee Nzabonimpa alikuwa amesogea, na nyuma yake wageni, na nyuma ya wageni Bénita mwenyewe na nywele zilizosukwa nusu.

"Fiston!" alisema mzee. "Karibu kwako. Na hawa?"

Kadidja alimgusa kijana kiwiko. "Sema wewe, ama niseme mimi. Mimi nitasema vibaya zaidi."

Fiston alisema. Alianza kwa sauti ndogo, wageni wakamwambia hawasikii, akalazimika kurudia kwa sauti kubwa. Alipofika kwenye neno ekaliptisi mwanamke mmoja aliangusha mwiko. Kisha kila mtu alimwona Edmond, ambaye alikuwa ameusogelea ukuta wa nyumba yake akauwekea kiganja, kama mtu anayepima homa ya mwanawe.

"Uliniambia sipre," alisema Nzabonimpa.

"Nilisema, Muzee."

"Nikaita batu. Nimenusisha ukoo muzima." Aligonga fimbo chini. "Mutu anadanganya juu ya mbao, kesho atasema nini juu ya ng'ombe? Rodrigue, bomoa. Na ile nyama, izimeni moto. Arusi hakuna."

Edmond alifumba macho kwa shukrani, Fiston aliyafumba kwa msiba. Kadidja, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha tangu nyumba ilipopatikana, alijikuta anamwonea huruma mshtakiwa, jambo ambalo polisini walikuwa wanamkataza.

Bénita alipita katikati ya watu.

"Ile yako," alimwuliza Fiston, "ulijenga wewe?"

"Mimi peke yangu."

"Inavuja?"

Kila mtu alingoja. Hata kuku walingoja.

"Upande wa kitanda," alisema Fiston. "Ninawekaka sufuria."

 Midomo ya Bénita ikaanza kumsaliti, na akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Papa, umesikia? Mbele ya ukoo muzima anasema anaweka sufuria. Huyu uongo yake imekwisha yote leo, hakuna ingine imebakia. Ukinipatia mwengine, nitaanza kutafuta uongo yake upya." Akamgeukia Fiston, na hapo kicheko kilikuwa kimeondoka. "Lakini wewe utabeba. Kila ubao. Na ukinidanganya tena, hata juu ya chumvi, nitarudi hapa na miguu yangu."

Mzee aliwatazama wageni, akazitazama sufuria zilizokwisha kuchemka. Nyama iliyoiva haina subira na hasira za mtu.

"Bomoa, Rodrigue," alisema tena, kwa sauti ya chini. "Taratibu. Na kuleni nyama upesi, tunaenda Ndosho, nione hiyo sufuria ya mukwe wangu."

* * *

Jua lilikuwa limelala upande wa Sake msafara ulipoingia Ndosho: chukudu zilizobeba kuta, wanawake na mabati vichwani, Fiston mbele kabisa chini ya ubao mrefu kuliko wote. Waliokuwa wanaimba walinyamaza walipofika kwenye kiwanja.

Valérie alikuwa amefika. Alikuwa ameketi kitandani, katikati ya mawe matupu, mtoto kifuani, na Jeanine kando yake ameshika mwavuli kama mlinzi wa mfalme. Hakusimama.

"Edmond."

"Mama."

"Nyumba yangu inatoka wapi?"

"Lac Vert."

"Ilienda kufanya nini?"

Edmond alimtazama Kadidja kuomba msaada. Kadidja alitazama angani. Kuna maswali ambayo mpelelezi hamjibii mume wa mtu.

"Arusi," alisema Edmond.

Akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, na Fiston akamsahihisha, Rodrigue akaongeza habari ya kufuli, Jeanine akaapa kwamba dirisha alilibeba kwa mikono miwili.  Valérie aliinuka na mtoto, akapita kando ya chukudu, akapitisha vidole juu ya mbao kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Hapakuwa na hata moja iliyopasuka.

"Valérie, nitukane basi," alisema Edmond. "Ni nyumba ya baba yako. Nilipaswa kulinda, sikulinda. Nitukane."

"Nilikutukana, Edmond. Toka Kibumba mpaka Munigi nilikutukana, motari mwenyewe, wa pikipiki, aliniomba nipumzike." Alimpandisha mtoto begani. "Kisha nikaacha. Jeanine aliniambia: amehama na nyumba yote. Nikasema, mwanaume akihama na nyumba yote, huyo harudi. Nilizani ulitukimbia, mimi na mutoto. Nikawa ninaomba Mungu njia yote: mbao abebe, ni miti tu. Yeye mwenyewe anirudishie."

 Edmond alikuwa ameogopa siku nzima atakosa mahali pa kumshusha mkewe, na mkewe njia nzima alikuwa haiwazi nyumba. Machozi yalimtoka mbele ya mtaa mzima na ukoo mzima wa Nzabonimpa, wala hakuyaficha.

Valérie akampa mtoto.

"Shika mutoto wako," alisema, akijifuta macho kwa kiganja. Kisha akageuka kwa Rodrigue. "Na wewe, seremala, kuja nikuonyeshe mulango unakaa wapi."

Rodrigue alichukua nyundo yake, akajaza misumari mdomoni, akaitika, "Mmm."